Ukurasa wa Pili wa Utabiri

Tangu mapafu yaanze kumsumbua, Mama alikuwa akikaa kwa mwanawe mkubwa, mjini. Kwa mwana huyo kulikuwa na joto. Nyumba yake mwenyewe, kule bondeni, ilikuwa na jiko moja na madirisha yasiyofunga sawasawa. Binti yake, fundi cherehani aliyeishi hukohuko bondeni, aliomba jambo moja tu: mama asirudishwe mpaka mwezi wa kwanza wa baridi upite.

Kaka yake akacheka. Yeye ndiye aliyeandika utabiri wa mwezi kwa mkoa mzima, na jioni ile alikuja nao nyumbani.

"Msikilizeni mtaalamu," akasema, akasoma: "Mwezi utakuwa na joto la nyuzi moja hadi mbili juu ya wastani."

"Mtaalamu gani wewe? Juzi ulisema jua, nikaanua nguo zimelowa chapachapa," mama akamtania.

"Ya kesho hunipiga chenga, mama. Ya mwezi mzima siikosei."

Mama alikuwa na hamu ya kitanda chake. Fundi akakubali shingo upande, mama akarudishwa bondeni.

Wiki ya tatu maji yaliganda ndooni, mlemle jikoni. Mama akashikwa na homa ya mapafu, na siku ya tano akafariki mikononi mwa binti yake. Mazikoni kaka alilia kuliko wote. "Ni makisio tu, mdogo wangu. Hali ya hewa haina adabu." Fundi ndiye aliyembembeleza.

Baada ya wiki mbili alikwenda ofisini kwa kaka kutoa nakala za cheti cha kifo. Kaka alikuwa kikaoni. Mchora ramani, mama mmoja mchangamfu, akampa pole na kumwashia mashine.

"Unatoka bondeni? Mliganda kweli! Ila safari hii msitulaumu, tuliwaonya mapema."

"Mlituonya wapi?"

Yule mama akafungua faili. Ukurasa wa pili. Bonde lilipakwa buluu: hewa baridi hutuama huko, baridi kali inatarajiwa, wazee na wagonjwa wa kifua wasikae kwenye nyumba zisizo na joto la kutosha.

"Kaka yako aliyaandika mwenyewe. Mkuu alitaka kuyakata, akagoma katakata."

Kaka alipotoka kikaoni alimkuta dada yake ameishika ile karatasi. Akafunga mlango taratibu.

"Mke wangu alikuwa amechoka," alisema. "Na mimi nilichoka. Mama angesikia ile, asingeondoka."

"Na mimi je?"

"Wewe ungemzuia."

Kweli, angemzuia. Angelala mlangoni.

"Utawaambia wadogo zetu?" kaka akauliza.

"Watakuja Jumapili. Utawaambia wewe, mimi nimekaa pembeni yako. Ukiruka neno, nitaliongeza."

"Watanichukia."

Fundi hakubisha. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akatoka.