Tayamamu kwa Udongo wa Barafu

Baba mkwe wangu, Mzee Murshid, alikuwa mtu wa kuudhi tangu akiwa mzima, na ugonjwa haukumpunguzia hata chembe. Homa ilimlaza zamani hizo Wadachi wakiwa na boma lao Usumbura. Mume wangu Hassani alikuwa Ujiji na shehena ya mawese, kwa hiyo hapa Rumonge, kando ya ziwa, mzigo wote uliniangukia mimi, Batuli. Kila asubuhi nilimkanda kifua na mikono kwa mawese, nikamnywesha uji, nikamsikiliza. Hapo kwenye kumsikiliza ndipo kazi ilipokuwa.

Maji alikuwa haguswi nayo. Yakimpata tu, homa inampanda, meno yanagongana mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini. Si kitu, dini yetu si ya kukomoana. Asiyeweza maji anatayamamu: unapiga viganja kwenye udongo safi, unapaka uso, unapaka mikono, unasali zako. Mtoto mdogo anajua. Lakini Mzee Murshid, mjukuu wa Mwarabu, atayamamu kwa udongo gani? Nikimletea wa uani, "Kuku wamenyea." Wa njiani, "Mbuzi wamekojoa." Nikaagiza udongo wa kichuguu kutoka Kizuka, akaunusa, akasema umepitiwa na mbwa. Mbwa juu ya kichuguu!

"Baba," nikamwambia, "kwa hiyo Rumonge nzima ni choo?"

"Wewe ndiye umesema."

Siku zikapita hasali. Akakonda, macho yakazama, na asubuhi moja nikamsikia akinong'ona kuelekea ukutani, "Mola wangu, nitakuja kwako hivi hivi?" Ubishi wote ukaniisha. Nilimwonea huruma, nikaogopa pia, maana nilijua hana siku nyingi. Mtu asife hivyo, hata akiwa msumbufu.

Sasa, kwa Saif mwenye duka, kwenye nyumba ya mawe, alikuwa amefikia Mdachi mmoja mwenye elimu ya udongo, na mimi ndiye niliyempikia. Tulimwita Bwana Kijiko, kwa sababu alichoma udongo ndani ya kijiko na kunusa moshi wake, macho ameyafumba, utadhani anaonja pilau. Serikali ilimtuma akague ardhi ya mwambao, kuanzia Minago hadi msitu wa Kigwena. Lakini kipenzi chake kilikuwa kopo moja la bati lenye udongo wa kijivu. Akamwita mkalimani wake, Swedi, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, amwonye mpishi asithubutu kuligusa.

"Dada," Swedi akasema, "huu umetoka mwisho wa dunia, upande wa kusini, kwenye barafu. Ni jangwa, lakini la baridi. Mvua hainyeshi, jani haliko, hata inzi haiko. Mutu hakuwahi kukanyaga pale kabla ya meli yao."

"Na yeye anautafutia nini?"

"Mafuta."

"Kwenye barafu? Ala!"

"Anasema kila kilichoishi kinaacha kitu udongoni. Mafuta, utomvu, sukari. Chenyewe kinaoza, hivyo vinabaki. Wasomi wenzake huko kwao wanasema mule hamna kitu, yeye anasema kimo. Ameuleta huku aulinganishe na udongo wetu ulionona."

Ya mafuta hata sikuyasikiliza. Mimi nilisikia hakuna mtu, hakuna kuku, hakuna mbuzi. Bwana Kijiko alipokwenda Kigwena na Swedi, nikalitia kopo ndani ya kanga nikaenda nalo nyumbani. Msiniite mwizi. Mwizi harudishi.

Mzee Murshid akaniuliza maswali ya kadhi. Kuku? Haiko. Mbuzi? Haiko. Watu? Hawajazaliwa. Akachungulia ndani ya kopo, akanusa, akakubali. Nikamimina udongo kwenye sinia, nikamwambia afanye yote juu ya sinia, chembe isipotee. Akapiga viganja, akapuliza, akapaka uso na ndevu. Akapiga tena, akapaka mikono. Vumbi lote likarudi kwenye sinia, na mimi nikalirudisha kwenye kopo mpaka chembe ya mwisho. Halafu akasali, ameketi, na machozi yakimtiririka. Mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya pipa la mawese, maana kulia mbele yake ni kujitafutia hotuba.

Bwana Kijiko akarudi. Akachota udongo wake wa barafu, akaumwagia pombe kali, akaukoroga, akauchuja, akaiacha ile pombe ikauke juu ya kigae cha kioo. Kwenye kioo pakabaki utando wa mafuta unaong'aa, wenye rangi ya machungwa. Weee! Yule mtu alicheza. Alimkumbatia Swedi, akanikumbatia mimi, akamkumbatia Saif aliyekuja kudai funguo za ghala. Akauchoma, chumba kizima kikanuka mawese, lakini pua yake ilikuwa imekaa Rumonge mno hata haikushtuka. Swedi akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu. Siku ile ile tarishi akaondoka kwenda Usumbura na habari kwamba kwenye jangwa la barafu palikuwa na uhai.

Angeishia hapo, sote tungekula ndagala zetu kwa amani. Lakini msomi haachi kuchokonoa. Akamwaga kopo lote juu ya karatasi, akaokota na koleo dogo unywele mmoja, mrefu, mweupe. Akaukodolea macho kupitia kioo chake cha kukuzia, akamwambia Swedi kwamba kule kwenye barafu kuna mnyama ambaye bado hajajulikana. Akaanza hata kumchora. Akampa pembe!

Mimi ninacheka upesi, hilo ni tatizo langu. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Bwana Kijiko akaniangalia. Akaangalia unywele. Akauliza nani hapa mjini ana ndevu nyeupe, na Swedi, mtoto wa mama yangu, kwa hofu ya kiboko, akasema.

Akaja nyumbani kwetu mbio, bila kofia, uso mwekundu, kopo mkononi. Mzee Murshid alikuwa juu ya kitanda chake barazani. Mdachi akasimama mbele yake, akashika ule unywele kando ya ndevu, vikalingana. Akapiga kelele, "Hamsa ishirini!" Yaani viboko ishirini na vitano; hayo ndiyo maneno ya Kiswahili aliyoyajua vizuri.

"Achape," nikamwambia Swedi amtafsirie. "Lakini achape mbele ya watu, na awatajie kosa. Na tarishi wake atamrudishaje?"

Swedi akatafsiri. Nadhani Mdachi aliwaona wasomi wenzake wanavyocheka, maana alikaa chini ya ngazi akajishika kichwa, akaanza kusema taratibu kwa Kidachi.

"Anasema nini?" Mzee Murshid akauliza.

"Anasema waliuchukua kwa uangalifu," Swedi akajibu. "Hata mbwa wao waliwafunga mbali."

"Mbwa? Kulikuwa na mbwa?"

"Baba, nyamaza kidogo," nikasema.

"Anasema mule hamkuwa na chochote chenye uhai. Hata mdudu, hata ukungu. Alikuwa anatafuta alama moja tu ya kitu kilichowahi kuishi, na katika udongo wote ule alichokipata ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe peke yako."

Bwana Kijiko akainuka, akaondoka na kopo lake bila kumchapa mtu. Alivyowaambia huko kwao sijui, na Mungu anisamehe, sijali.

Jua likazama. Muadhini akaadhini magharibi, na mimi moyo ukaniruka, maana ule udongo ulikuwa umekwenda. Nikaingia nimejitayarisha kwa vita.

"Lete udongo," Mzee akasema.

"Baba, mwenyewe ameuchukua."

"Nani ameutaka ule? Lete wa uani."

"Uani kuku wamenyea. Wewe mwenyewe ulisema."

"Tafuta mahali hawajanyea! Mbona una maneno mengi?"

Nikauchota kando ya ukuta, nikauchekecha. Haukuwa na kinyesi, lakini ulikuwa umekanyagwa na miguu yetu sote miaka yote. Akaweka viganja juu yake. Pumzi yake ilikuwa fupi sana.

"Ule ulikuwa safi," akasema. "Lakini mahali kama pale, Batuli, hata ukiisoma Fatiha ukaimaliza, nani atakuitikia amina?"

Akapaka uso, akapaka mikono, akaniambia nisimame nyuma yake. Akasoma kwa sauti, pole pole, akipumzika katikati ya maneno. Alipofika mwisho wa Fatiha akanyamaza, akasubiri, na nilielewa kuwa ananisubiri mimi. Nikasema amina kwa sauti kubwa, mpaka jirani wa pili akaitikia.