Foleni ya Kupimwa Nguo

Kufikia saa nne asubuhi foleni ilikuwa imeshapita duka la dawa na kukata kona. Fundi alifungua mlango wa duka lake nusu, akapangusa meza kwa dawa, akajitundika futi ya kupimia shingoni. Miti ya barabarani ilikuwa imechanua, na kwa vile watu walikatazwa kutoka nje, ilichanua bure.

Waliojipanga walikuwa marehemu. Walizikwa haraka haraka ndani ya mifuko ya plastiki, uchi wa mnyama, bila hata ndugu mmoja kusimama kaburini, na sasa walitaka nguo. Walikuja na mifuko yao, zipu imefungwa hadi kidevuni kwa adabu, wakaachiana mita moja moja kama tangazo lilivyoagiza. Mwenye duka la dawa alilalamika kwamba hawavai barakoa. Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa na neno nao.

Fundi aliwapima, akaandika daftarini, akawaambia warudi Alhamisi. Mafundi ni wale wale. Marehemu walirudi Alhamisi wakaambiwa Jumamosi. Kwa mazoea aliwaachia kitambaa cha akiba kwenye mshono, endapo watanenepa. Mwalimu mmoja aliyefariki mtaa wa pili alimwambia kwa upole kwamba hakuna haja, lakini Fundi akamwachia hivyo hivyo.

Kila alipoinua uso aliikagua foleni kuanzia nyuma. Mumewe, dereva wa lori la taka, alikuwa amechukuliwa na gari la wagonjwa siku kumi na tisa zilizopita, na kumtembelea kulikuwa marufuku. Kila siku saa sita karani wa hospitali alipiga simu kusema mgonjwa anaendelea vizuri, amekula. Fundi alimshukuru, ila imani yake yote aliiweka kwenye foleni. Maadamu mumewe hayumo, yu hai.

Siku ya ishirini alikuwemo, mtu wa saba, nyuma ya mabibi wawili.

Fundi akakaa. Hakumwita. Watu sita walikuwa mbele yake na walikuwa wamesubiri tangu alfajiri. Aliwapima mmoja mmoja, akikosea na kurudia.

Zamu ya mumewe ilipofika, alimwandikia kiuno kabla ya kupima, maana alikijua: thelathini na sita. Kisha akazungusha futi. Ishirini na tisa. Akarudia, ikawa ile ile.

"Hawakukupa chakula, baba watoto?"

"Walikuwa wanakiacha mlangoni. Mimi siwezi kusimama. Baadaye wanakuja wanachukua sahani."

"Na hukuita?"

"Niliita mpaka sauti ikakauka. Wanaogopa kuingia, mama watoto. Wana watoto wao."

Alimuuliza alikufa lini. Akajibu Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Fundi alilia waziwazi, futi ikiwa mkononi, na waliokuwa nyuma wakatazama pembeni kumpa nafasi.

Saa sita karani akapiga. Alikuwa na habari njema: mgonjwa amekula vizuri, Ijumaa ijayo ataruhusiwa, kwa hiyo aletewe nguo za kurudia nyumbani. Fundi alimweleza kwamba mgonjwa amesimama hapa mbele yake, na amekufa tangu Jumapili. Karani aliuliza namba ya wodi. Karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Huku kwangu imeandikwa anaendelea vizuri, mama," alisema. "Lete na viatu."

Fundi alipiga goti, akampima mumewe urefu wa suruali, akamwambia arudi Jumamosi. Mumewe, aliyemjua vizuri, alisema atakuja Jumatatu.

Kesho yake, saa sita kamili, simu ililia. Mgonjwa ameamka vizuri, amekula. Fundi akasema asante, akamwita anayefuata.