Injini Iliyochemka Acocks Green

Uvumi ulianzia saluni kwa Jeannine, kule mtaa wa Erdington huku ng'ambo, na Henriette hakuweza kuutoa kichwani: eti injini mpya ya ndege, ambayo serikali imeagiza kwa mamia, haijawahi kuunguruma hata saa moja bila kuchemka hadi ikawa nyekundu. Jeannine, mikono ikiwa kwenye nywele za mtu, akamtania.

"Mama Landry, umwambie mutoto akuletee moja. Tutaivishia maharage bila makaa."

Wanawake walicheka. Henriette naye alicheka, kisha akaondoka mapema, akapanda basi la kurudi kwake Nechells. Maana Landry, mwanawe wa pekee, ndiye aliyekuwa akiunganisha injini hizo kwenye karakana moja ya Acocks Green. Na siku alipoipata kazi ile, Henriette alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba mtoto wa mkimbizi sasa anatengeneza ndege za serikali. Alipigiwa vigelegele mpaka machozi yakamtoka.

Jioni alimuuliza. Landry alivua viatu kwanza, akakaa. Akaeleza kwamba wakubwa wa serikali walitoka London wakaiona injini ikiwa imezimwa, imesuguliwa inang'aa, wakapiga nayo picha, wakaagiza. Wapimaji walipolalamikia joto waliambiwa zijengwe kwanza, kupima kutafuata. Gereji ya mabasi alikofanya kazi zamani ilikuwa radhi kumrudisha, ila ilitaka jibu kesho yake.

"Mama, ile moteri haitaruka," alisema. "Nirudie mabasi?"

Henriette aliwaona watu wa kanisa, kila kichwa kikimgeukia. Akaikumbuka na serikali aliyoikimbia, akajiambia kwamba ya huku ni ya watu waliosoma, haiwezi kununua kitu kibovu huku inakitazama.

"Ubakie," alisema. "Serikali ya huku haiko kama ya kwetu."

Landry akabaki. Baridi haijaisha, waziri aliyeziagiza akabadilishwa. Aliyemfuata alifuta oda nzima, karakana ikafungwa, injini zikafunikwa nailoni. Gereji ilikuwa imekwisha kuajiri mtu mwingine. Kazi aliyoipata Landry ilikuwa Aberdeen, mbali kaskazini. Hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomuuma Henriette zaidi.

Sasa Landry hupiga simu Jumapili, na simu zenyewe fupi. Henriette hukaa benchi la nyuma kanisani, akatoka kabla hajaulizwa habari za ndege. Nyumbani huiacha televisheni iseme peke yake, angalau isikike sauti ya mtu.

Wewe mama mwenye mtoto, haya uyakumbuke:

Usiitangaze kazi ya mtoto kabla yenyewe haijaonyesha kama inasimama.

Usiamini kitu kwa sababu wakubwa wamepiga nacho picha.

Usidhani serikali haikosei kwa kuwa ni ya Wazungu.

Mtoto akikuambia alichokiona kwa macho yake, usimjibu kwa kuogopa watu.

Usinunue tena sombe, yale majani ya muhogo, ya kutosha watu wawili. Inaharibika.