Albamu ya Sabini na Tisa, Mwendo wa Waithaka

Watu wa Loresho, mtaa wa matajiri Nairobi, wakikucheka, hawaanzi kwa sauti. Wanatazamana kwanza, wanainua glasi, kisha wanaangalia pembeni. Jumamosi ile ningependelea wanitukane.

Tulikuwa kwenye baa moja Westlands, mwaka wa 2006, sisi wapenzi wa roki, wenzangu wengi wakiwa wa Loresho. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu alichagua albamu mbili za miaka tofauti, tukazisikiliza, naye akatetea moja mpaka tukubali au tumzime. Zamu ilikuwa yangu, na haikuwa mchezo. Ndegwa, mmoja wetu aliyekuwa na kipindi cha roki redioni kila Jumapili alasiri, alikuwa anatafuta mtangazaji mwenza. Mimi nilikuwa karani wa bima mjini, na kiti hicho nilikitaka mpaka nikakosa usingizi.

Nilichagua ya 1971 na ya 1979. Ya kwanza ni roki ya wazee: gitaa linajisifu wimbo mzima, na mpiga ngoma anapewa nafasi yake kama mjomba kwenye harusi. Ya pili ni posti-panki, ya vijana waliochoshwa na madaha hayo. Besi iko mbele, gitaa linakwaruza pembeni, na mwimbaji hana haja ya kukufurahisha.

"Skizeni speed," niliwaambia. "Ya seventy-one imeshiba, imekaa chini. Hii ingine inakimbia sababu iko na hasira."

Ndegwa, ambaye alikuwa nazo zote mbili kwenye CD, akaiweka ya 1979. Ikaanza polepole. Nilidhani amekosea wimbo. Besi ilijikokota, na sauti ya mwimbaji ikatoka nzito, ya mtu aliyeamka mgonjwa.

"Inakimbia wapi, Waringa?" Ndegwa aliuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa, na kwa hasira nikawaeleza. Baba yangu alikuwa dereva wa familia moja tajiri ya mtaa wa Kitisuru. Walipohama nchi walimwachia sanduku la santuri na pleya iliyokatika mkanda. Baba akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akakivisha mahali pa mkanda. Mpira ule ulikuwa mnene kupita kiasi, kwa hiyo santuri zikazunguka haraka, naye akazirekodi zote kwenye kanda. Nyimbo za 1971 nilikuja kuzisikia kwingine nikiwa mkubwa. Ya 1979 hakuna mwingine aliyekuwa nayo mtaani kwetu, Waithaka nzima. Nilikua nayo hivyo, nikaipenda hivyo.

Walicheka. Cate, rafiki yake Ndegwa, alifuta machozi na tishu.

Jumatatu Ndegwa aliniita studio, mjini. Kiti kilikuwa changu, alisema, ila kila wiki nifungue na dakika chache za mzee wa tyubu.

"Ongea ka fathe yako," alisema. "Ile accent yenyewe. Roki ya ushago. Wasee watakufa na kicheko."

"Waithaka si ushago, si kijijini."

"Unajua venye namaanisha."

"Najua kabisa. Fathe yangu si comedy yako."

"Wacha kukuwa serious hivyo. Si ni love tu?"

Nilitoka bila kuaga. Nilishuka ngazi, nikavuka barabara bila kutazama, na dereva aliyenipigia honi nilimjibu maneno ambayo mama yangu hajui kama ninayajua.

Jumapili nilienda nyumbani kuwaambia kwamba nimekikataa kiti. Nilichelewa. Baba na Mama walikuwa wametoka kanisani, Baba bado yuko na tai, redio iko mezani karibu na chai. Nilikuwa nimemdokezea kuhusu kiti kile, naye alikuwa amewatangazia wazee wenzake wote kwamba binti yake anaingia redioni.

"Keti, mami," alisema. Nina jina la mama yake, basi ndivyo anavyoniita. "Wameanza. Nilifikiri uko huko ndani."

Kabla sijafungua kinywa, sauti ya mwanamume nisiyemjua ikatoka redioni, imekunjwakunjwa kwa lafudhi ya Kikikuyu iwe ya Baba. "Mimi nirikuwa ndereva ya Kitisuru. Nikakata tyumbu ya mbaisikeri." Ndegwa akaangua kicheko nyuma yake. Baba naye alikuwa ameanza kutabasamu. Kisha tabasamu likamtoka, taratibu. Mama aliweka kikombe chini.

Nilitaka kuichukua redio ile niipige ukutani. Nilitaka kurudi mjini nikamshike Ndegwa shati.

"Uliwaambia wewe?" Baba aliuliza.

"Ndiyo, Baba. Lakini si ya kuchekwa. Niliwaambia wajue kwa nini albamu yetu inakimbia."

Alinyoosha mkono akapunguza sauti. Hakuizima.

"Kwa hivyo ile ya ukweli inaenda pole?"

"Inaenda pole."

"Na ni nzuri kushinda yetu?"

Nilikuwa nimenunua CD yake Ijumaa. Nilikuwa nimeisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kisha tena, nikiitafutia sababu ya kuipenda.

"Hapana," nilisema. "Haifikii yetu."

Baba aliniangalia usoni aone kama namhurumia. Aliona hasira tupu, akaniamini.