Buyu la Muuzaji

Nchi ya Rindima imekaa ndani ya bonde kama uji ndani ya bakuli, na kwenye ukingo wa bakuli hilo, upande wa mashariki, kuna kilima kilichochongoka ambacho wenyeji hukiita Kileleni kwa adabu na Kidonda kwa kunong'ona. Huko juu ndiko anakokaa Mtukufu Gubigubi, mtawala ambaye hakuna jicho la mkulima lililowahi kuuona uso wake, kwa kuwa hujifunika mashuka ya hariri juu ya mashuka ya hariri, toka utosini hadi kwenye kucha. Na watu wa bondeni, ambao ndimi zao hazijawahi kulala njaa hata matumbo yao yakilala, husema amejifunika hivyo ama kwa utukufu ama kwa sababu mle ndani hamna kitu. Chini ya kilima kipo kiwanda. Moshi wake ni mweupe na hauna tabia za moshi wa watu wengine: haupandi juu, bali hutambaa chini kwa chini hadi makaburini, ukakaa kitako huko kutwa nzima kama mtu aliyefika kwao.

Kiwanda hicho hutengeneza kitu kimoja tu, nacho ni bunduki, na bunduki yenyewe inaitwa Yetu. Sheria ya Rindima inataka kila nyumba iwe na Yetu moja juu ya mlango, kwa sababu ya Adui. Huyo Adui hajapata kuonekana, ila kila mavuno yakikaribia hutangazwa kwamba naye amekaribia, na kila akikaribia bei ya Yetu hupanda. Ungedhani ndiye anayeipanga. Zamani watu walinunua bunduki za Ng'ambo, nyepesi, za bei ya mbuzi wachache, ambazo ziliweza kumtoa nguruwe kwenye shamba la viazi bila kumtoa jirani roho. Zikapigwa marufuku kwa jina la uzalendo. Yetu ilianza kwa bei ya fahali mmoja, na sasa ilikuwa imefika fahali na mtamba wake, mahari ambayo hata kwa mwali wa kwao haidaiwi.

Basi mjadala ukazaliwa, ukatambaa, ukaota meno. Vilabuni, kisimani, misibani, mazungumzo yalikuwa hayo hayo. Wengine walisema kitako cha Yetu kikipata manyunyu huvimba kama shavu lenye jino bovu. Wengine walisema mtutu wake una baridi hata jua likiwa la utosi, baridi ya mtungi wa maji, na kwamba ukiutundika ukutani ukitazama magharibi, asubuhi utaukuta unatazama mashariki. Hilo waliliongea kwa sauti ya chini, wakalimalizia kwa kicheko, na kicheko chenyewe hakikumalizika vizuri. Lakini lililowakera wanunuzi kuliko yote ni kwamba Yetu haipigi unapolenga. Lenga nguruwe, lenga kunguru, lenga tawi la jirani linalokuibia jua. Risasi itatoka, itapinda hewani kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, kisha itashika njia yake kuelekea Kileleni.

Aliyelijua hilo kuliko wote ni Sikitu, mnadi wa Yetu katika gulio la Mtoni. Maana Rindima ina desturi iliyo ya kale kuliko Kileleni na mashuka yake: auzaye huonja. Muuza chungu hunywea chungu chake mbele ya mteja. Muuza kisu hujinyoa nacho. Muuza dawa ya kuharisha, huyo tumwache. Muuza bunduki hunyoosha mkono akashika buyu la maji, mteja akalilenga. Enzi za Ng'ambo mabuyu yalipasuka na wanadi wakaloa tu. Enzi za Yetu, buyu la Sikitu lilikuwa limezeekea mkononi mwake, shingo imeng'aa kwa jasho, halina hata mkwaruzo. Alikuwa msichana mwembamba mwenye mdomo wa kumuuzia chura maji, na siri ya ushujaa wake ilikuwa moja: hakusimama hata siku moja pale ambapo Kileleni kingekuwa mgongoni mwake.

Siku moja ya gulio akaja Kasale, mkulima wa viazi ambaye nguruwe walikuwa wamemwachia mitaro mitupu. Koo zao ni za watani, kwa hiyo kutukanana kwao ni heshima.

"Mtani," Kasale alisema, akiipima Yetu mikononi, "hii ukiniuzia kama mchi nitanunua. Nyumbani tuna mmoja tu."

"Mchi unataka mtu wa kutwanga," Sikitu alimjibu. "Kwako nasikia anayefanya kazi ni nguruwe."

Watu wakacheka.

"Fahali wangu na mtamba wangu, kwa kitu kinachokwenda kinakotaka?"

"Ndiyo bunduki pekee yenye akili yake, mtani. Akili ina bei. Wewe yako ungeiuza ungepata kifaranga."

Alisema hayo huku akisogea, kidogo kidogo, mpaka kilima kikawa ubavuni mwake, akanyoosha buyu. Kasale akalenga, akavuta kifyatulio. Ijulikane kwamba Yetu hailii kama bunduki nyingine. Hukohoa. Na kila moja ina kikohozi chake. Hii ilikohoa mara mbili, fupi fupi, kisha ikavuta cha tatu kirefu, kutoka mbali, kama kinachochotwa chini ya kisima, na risasi ikatoka na hicho cha tatu. Ikampita Sikitu, ikapinda, ikaenda zake. Huko juu Kileleni kioo kikavunjika, kwa sauti ndogo iliyochelewa kufika.

Sikitu akalishusha buyu. Kikohozi hicho alikijua. Alikuwa amekisikia kila alfajiri tangu utoto wake, viwili vifupi na kimoja kirefu, kabla baba yake, Mzee Hungi, hajalishika jembe lake kwenda shambani. Mpaka masika yaliyopita, walipomzika.

"Mtani, umeona nini?" Kasale aliuliza.

"Nimeona huna shabaha," akasema, lakini ucheshi haukumtoka mdomoni sawasawa.

Alasiri hiyo hiyo akaenda makaburini. Rindima hawaweki jiwe juu ya kaburi. Humchomekea marehemu jembe lake upande wa kichwani mwa kaburi, na jembe hilo haliguswi na mkono wa mtu. Siku kutu itakapolila likaanguka lenyewe, ndugu hupika, hula, husema: amemaliza kazi, amewasamehe waliomdhulumu. Kabla ya hapo marehemu yuko kazini bado, na bado anakumbuka. Sasa Sikitu alifika kwenye kaburi la baba yake akakuta tundu. Tundu jembamba, lenye kingo safi, la kitu kilichong'olewa kwa nguvu. La pembeni yake vivyo hivyo. Mstari mzima ulikuwa matundu, kama ufizi uliong'olewa meno, na ndani ya kila tundu moshi mweupe wa kiwanda ulikuwa umejikunyata.

Akasimama pale baridi ikimpanda miguuni. Kumbe chuma ambacho watu walikinunua kwa fahali na mtamba kilipatikana bure, hapa makaburini. Mzee Hungi, ambaye shamba lake la mtoni lilichukuliwa na Kileleni ili pajengwe bustani ya tausi, alikuwa hajamsamehe mtu. Wala hapakuwa na mmoja, katika makaburi yale yote, ambaye alikuwa amemaliza kazi.

Kabla hajapata wa kumweleza, akaitwa kiwandani na Bwana Twaa, Mshauri wa Bei, mtu mwenye sauti laini na viatu vidogo. Bwana Twaa hakumkaribisha kiti. Alieleza kwamba vioo vya Mtukufu vimevunjika, tausi wawili wamekufa, na kwamba wanunuzi wamegoma, tena wanataja bei kwa maneno ya kihuni.

"Tatizo si bunduki," akasema. "Tatizo ni pale unaposimama, binti." Akachora vumbini kwa fimbo yake. "Bunduki hapa. Kileleni pale. Risasi zetu zinakipenda Kileleni, ndio uzalendo wenyewe. Basi wewe simama hapa katikati, zikipita zitapitia kwenye buyu. Watu wataona Yetu inapiga shabaha, na mjadala utaisha."

"Na mimi je, bwana mkubwa?"

"Wewe utakuwa umelishika buyu kifuani, ili hata walio nyuma waone."

Sikitu alilitazama lile doa dogo vumbini ambalo lilikuwa yeye.

"Nikiumwa siku hiyo?"

"Mama yako anakaa nyumba ya kiwanda, siyo?" Bwana Twaa alisema kwa upole uleule. "Gulio Kuu Mtukufu mwenyewe atashuka kutazama. Tutafyatua bunduki zote za msimu kwa pamoja. Baada ya hapo bei itapanda, maana kitu kizuri hakiuzwi kama mchicha."

Gulio Kuu likafika. Jua lilisimama wima, vivuli vikajificha chini ya nyayo za wenyewe, upepo ukawa hakuna. Hata hivyo, mashuka ya Mtukufu Gubigubi, aliyeletwa juu ya kiti kilichobebwa na askari, yalikuwa yakipepea taratibu kama yanayopumuliwa kutoka ndani. Wanunuzi walipangwa mstari, kila mmoja na Yetu yake, na kutoka kwenye mitutu ilishuka baridi iliyowafanya watoto wakumbatie magoti ya mama zao. Sikitu akasimamishwa katikati. Kilima kilikuwa mgongoni mwake. Alikihisi kama mtu anavyohisi kutazamwa.

Kasale alikuwa wa kwanza mstarini, na ile yenye kikohozi.

"Mtani, sogea."

"Nimewekwa."

"Mimi sifyatui."

Askari aliyekuwa nyuma ya Kasale akamgusa bega, si kwa nguvu.

Hapo Sikitu akafanya kitu pekee alichojua kukifanya. Akanadi.

"Wateja wangu," akaanza, na sauti yake ilitoka nyembamba, kisha ikapata miguu, "leo tumalize ubishi. Bei ni kubwa, sikatai. Lakini niulize: hii bunduki nauza mimi? Mimi hulipwa kibaba cha mtama kila gulio. Fahali wenu hawajawahi kulala kwangu. Wanalala wapi?"

Vichwa vilinyanyuka tu, vyote pamoja, kukitazama kilima.

"Na Rindima tunasemaje juu ya auzaye?"

"Huonja," watu wakasema. Hawakupiga kelele. Walilisema kwa sauti ile ya chini ambayo watu huitikia nayo dua kaburini, na kwa hiyo neno hilo halikuwa na pa kuzimiwa.

Bwana Twaa akakimbilia kwenye kiti, akayanong'oneza mashuka. Sikitu, aliyekuwa karibu, alisikia nusu na nusu akaikisia. Mtukufu asiwe na hofu. Mtukufu asimame upande wa pili, magharibi, kinamasi cha mto kikiwa mgongoni mwake. Risasi, kwa vile zinakipenda Kileleni, zitageuka zote kumkimbia. Naye atakuwa salama kuliko kitandani mwake, na watu watauona ushujaa. Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa na tundu moja tu, jembamba, lenye kingo safi: uliamini kwamba wale waliomo ndani ya chuma walikuwa na ugomvi na kilima.

Mashuka yakainama kukubali. Yakatembea, au yakaelea, hadi magharibi. Glavu nyeupe ikatoka, ikalipokea buyu kutoka kwa Sikitu, na Sikitu, vidole vyake vilipogusana na glavu ile, hakuhisi vidole ndani yake.

Kasale ni mtu mwoga na hakuona haya kwa hilo. Akageuka, akampa Mtukufu mgongo, akaelekeza bunduki yake moja kwa moja Kileleni ambako siku hiyo hapakuwa na mtu. "Mimi nimelenga kule," akawaambia watu wote. "Jioneeni wenyewe. Nimelenga kule."

Mtutu ukaanza kugeuka. Ulimgeuza na yeye, polepole, kama mgonjwa anavyojigeuza kitandani kumtazama anayemwita. Wa pili wake ukageuka, na wa tatu, mstari mzima; na kutoka kwenye nyumba za bonde lote, juu ya milango, ikasikika sauti ya vigingi vilivyotundikiwa bunduki vikilia.

Kidole cha mtu hakikugusa kifyatulio. Kikohozi kifupi. Kikohozi kifupi.

"Bei," Bwana Twaa alisema, sauti laini imemkauka, "bei inaweza kuzungumzwa."

Kisha kikavutwa kile kirefu.

Moshi ulikuwa mweupe, nao ulitambaa chini. Ulipopita, buyu lilikuwa limesimama juu ya ardhi, zima, halijamwaga hata tone. Nyuma yake mashuka yalikuwa rundo. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na mtu. Watu walitazama rundo lile bila kukimbia wala kushangilia, kama wanaomtazama nyoka ambaye hawajui kama amekufa au amevua gamba.

Bwana Twaa ndiye aliyejongea. Akainama, akaliinua shuka la juu kwa ncha za vidole, akabaki amelishika kwa muda, na mikono yake ilionekana haijui kama imelichukua ili kufunika au ili kuvaa. Halafu akalijaribu begani, kidogo tu, kama mtu anayepima nguo ya mwenzake. Hariri ilimkaa vizuri.

"Mtani," Kasale alinong'ona, "inageuka tena."

Sikitu akaliokota buyu, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akaenda kumkabidhi Bwana Twaa kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

"Karibu uonje, bwana."