Kituo Chekundu Getini

Watu wa vyuo vikuu nilikuwa siwataki. Wanakuja, wanahoji, wanaondoka. Ila huyu Hedwiga nimemvulia kofia.

Alifika kwetu Maji ya Chai akaomba kufunga kifaa kidogo kwenye Canter ya mume wangu, Sumari, anayebeba ndizi kupeleka mjini. Kifaa kinarekodi mwendo: gari limekimbia wapi, limesimama wapi, injini imelemewa wapi. Kompyuta yake ikishapata hayo, inakadiria moshi wa kila kipande cha barabara. Nilikubali kabla Sumari hajafungua mdomo. Mwanetu Elihuruma anabanwa kifua, na shule yake ipo kilimani, kando kabisa ya barabara. Sumari siku zote alisema ni mabasi. Mimi nilitaka kujua kinachomuumiza mwanangu ni nini hasa.

Basi, kifaa kilipofungwa tu, mume wangu akaanza kuendesha kama amembeba bibi harusi. Akapunguza mzigo, akapanda kilima polepole, hata mtoto akawa anarudi kwa miguu ili gari lisisimamesimame.

"Mgeni anatuangalia, Mama Eli," aliniambia. "Unataka tuaibike?"

Mwanamume huyu jamani. Mwezi huo mtoto hakukohoa sana, nikadhani ni dawa zimemsaidia.

Hedwiga akarudi na ramani, barabara yote kijani, yaani moshi kidogo. Wakubwa wake walikuwa wameshaipenda. Yeye hakuwa na raha.

"Baba Eli, siku zote unaendesha hivi?"

Sumari akaangalia viatu vyake. Hedwiga hakumgombeza. Aliifuta kazi ya mwezi mzima mbele yetu, akasema anaanza upya, kwa sababu ramani nzuri haitamsaidia mtoto. Nilimpenda palepale. Ningekuwa mimi, ningechukua sifa zangu nikaenda zangu.

Safari hii Sumari aliendesha kama Sumari. Mikungu mpaka juu ya bodi, mafuta anakanyaga mpaka mwisho. Mabasi mawili nayo yalifungwa vifaa.

Ramani ya pili ilipokuja, mabasi yalikuwa yanapita tu shuleni. Canter yetu ndiyo ilikuwa na doa jekundu, pale pale getini.

"Hapa unasimama kila siku, injini inanguruma," Hedwiga alisema taratibu, "halafu unaondoka na mzigo wote mlimani. Pana nini?"

Sumari akajibu: "Namchukua mtoto."

Hedwiga alimshika mkono, akamwambia baba anayemfuata mtoto wake kila siku hana cha kuonea aibu. Hapo mimi nililia, sikuficha.

Siku hizi Canter inazimwa kule chini, kwenye tambarare, ingawa starta ni mbovu na kuiwasha tena mpaka isukumwe. Sumari anapanda kilima kwa miguu, anahema yeye. Kisha wanashuka wawili, mkoba wa shule begani kwa baba, na Eli anaongea njia nzima bila kukohoa.