Zanate Wakienda Ugenini

Mwaka huo Zanate, timu ya besiboli ya mji wa Santa Elvira, walikuwa timu mbili. Timu ya kwanza ilicheza nyumbani na ilikuwa imeshinda mechi nane kati ya nane. Timu ya pili ilipanda basi kwenda ugenini, na ingawa ilikuwa na wachezaji walewale, kofia zilezile na meneja yuleyule, ilikuwa imepoteza mechi saba kati ya saba. Padri alikwisha kuinyunyizia maji ya baraka. Basi nalo lilinyunyiziwa, mpaka betri ikaingia maji.

Don Heberto Ñurinda, mtunza uwanja kwa miaka ishirini na miwili, aliumia kuliko mji mzima, kwa sababu yeye na mkewe Danelia waliishi humohumo uwanjani, katika chumba kilicho chini ya jukwaa. Mwenye kinu cha mpunga, anayelipia basi na jezi, alikuwa ametangaza mbele za watu kwamba Zanate wasipoingia nne bora, mwakani hela yake atanunulia ng'ombe. Ng'ombe watahitaji malisho, na kila mtu alijua nyasi nzuri kuliko zote Santa Elvira ziko wapi.

Zilibaki mechi mbili, Jumamosi na Jumapili, zote ugenini kwa Las Jaguas. Ulitakiwa ushindi mmoja tu.

Jumamosi saa saba mchana Don Heberto alijiandaa kwa vita. Aliweka redio juu ya friji, akakalia kiti chekundu cha plastiki, akageuza kofia nyuma mbele. Danelia, ambaye ni mshonaji, alipewa amri ileile ya siku zote: Zanate yeyote akiwa kwenye beisi, asiinuke kwenye cherehani.

"Na maharage yakiungua?" aliuliza Danelia.

"Yaungue."

"Utakula wewe."

"Nitakula. Kaa."

Maharage yaliungua mapema. Mpigaji wa kwanza wa Zanate alipiga mpira vizuri, akakimbilia beisi ya kwanza, mpira ukafika kabla yake. Ametoka, kwa nusu hatua. Wa pili alifanikiwa kufika, akajaribu kuiba beisi ya pili, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa. Ametoka, kwa nusu hatua. Yader Membreño, mtupaji ambaye nyumbani hakuna aliyeweza kumgusa, alirusha mipira mizuri iliyochoka njiani na kuanguka vumbini mbele ya mshikaji.

"Nusu hatua tena, wasikilizaji," alilia Bayardo, mtangazaji aliyesafiri na timu. "Unaweza kudhani hawa Las Jaguas usiku wanazisogeza beisi."

"Ni nacatamal za kule, zile za unga wa mahindi na nyama," Don Heberto alisema. "Wanazijaza mafuta. Vijana wamekuwa wazito."

"Na mpira wa Yader nao umekula nacatamal?" Danelia alikuwa akipima kitambaa cha suruali, sindano mdomoni. "Sikiliza, mzee. Mtu mmoja akichelewa nusu hatua, huyo mvivu. Wakichelewa wote, nusu hatua ileile, hicho ni kipimo. Mimi nikishona suruali kumi, zote zikawa fupi inchi moja, siwalaumu wenye miguu."

Don Heberto aliinuka kwenye kiti chekundu.

Alikuwa amemkumbuka Marquesa.

Marquesa ni ng'ombe wa Doña Tránsito, jirani. Mwezi wa kwanza alipenya uani na kukuta tepu ndefu ya kupimia uwanja imeanikwa kwenye waya, akaitafuna kuanzia mwanzo, kwa utulivu, mpaka futi ya pili, alipopigwa fagio. Don Heberto alitoa pete ya chuma kinywani mwake, akaifunga upya kwenye ncha iliyobaki, akajiapia kwamba kila akipima ataongeza futi mbili. Kisha ukaja mwezi wa pili, siku ya kupanga uwanja kwa ajili ya msimu. Siku hiyo alipima huku akibishana na Doña Tránsito ng'ambo ya ua kuhusu nani ni mnyama zaidi, Marquesa au yeye. Aliushinda ubishi. Je, aliongeza zile futi mbili?

Alikwenda kuchukua tepu kwenye ndoo. Karibu kabisa na pete palisomeka mbili. Alitoka juani, akapima kutoka beisi ya nyumbani hadi ya kwanza. Tepu ilisema tisini, kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo zilikuwa themanini na nane.

Alipima hadi kilima cha mtupaji pia, ingawa alishajua: nacho kilikuwa karibu kwa futi mbili.

Msimu mzima vijana walikuwa wamefanya mazoezi kwenye uwanja mfupi, uliofundisha miguu yao na mkono wa Yader uongo uleule kila siku, na wageni waliokuja walichanganyikiwa na kupigwa. Kisha Zanate walipanda basi kwenda kwenye viwanja vya kweli.

Aliporudi ndani Bayardo alikuwa anasoma matokeo kwa sauti ya msibani. Wamepoteza, tatu kwa mbili.

"Umepauka," Danelia alisema.

Alimweleza. Danelia alitoa sindano mdomoni, jambo ambalo hulifanya kanisani tu.

"Mpigie meneja Ulises."

"Nimwambie nini? Ulises atakuwa anapanda basi, na Bayardo hukaa nyuma yake. Nikisema, kesho nchi nzima inajua. Ligi itafuta zile nane. Tutakuwa hatujashinda hata moja, Danelia. Hata moja."

"Na usiposema, kesho tunahama tuwapishe ng'ombe."

Don Heberto alizunguka kile chumba kidogo mara kadhaa, kisha akapiga simu.

"Ulises? Nimeota."

"Saa kumi jioni, Don Heberto?" Sauti ya meneja ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia.

"Nilipitiwa na usingizi. Nimemwona Santa Elvira mwenyewe, mtakatifu wetu. Amekasirika."

Ndani ya basi wachezaji waliiinamia ile simu. Wachezaji wale hawakuogopa mtu, ila walivaa soksi za kulia kwanza na kuuruka mstari mweupe kwa heshima zote.

"Anasemaje?"

"Anasema beisi za huko ziko mbali kwa futi mbili kuliko mnavyodhani. Asiibe mtu hata moja. Mtu akikimbia asipunguze mwendo mpaka beisi iwe nyuma yake. Na Yader arushe kama vile mshikaji amekaa futi mbili nyuma."

"Futi mbili."

"Ndiyo."

"Watakatifu siku hizi wanapima kwa futi?"

"Nimekwambia nilichoota, Ulises. Mengine mwulize yeye."

Jumapili Don Heberto hakukaa kwenye kiti chekundu, wala kofia hakuigeuza. Alisimama mbele ya friji kama mshtakiwa. Yader alianza vibaya, akapata mkono wake katikati ya mechi, akakataa kuuachia tena. Wakabaki sare ya moja moja mpaka zamu ya mwisho ya Zanate kupiga, mmoja wao akiwa beisi ya tatu na wawili wametoka. Mpigaji aligusa mpira, dhaifu, ukaviringika. Alikimbia.

"Anakimbia, wasikilizaji, anakimbia kama anafukuzwa na mkewe, mpira unakuja..." Kelele za jukwaani zikaifunika sauti ya Bayardo. Don Heberto alishika mlango wa friji. "Amefika. Kwa nusu hatua. Amefika."

Aliyekuwa beisi ya tatu akaingia nyumbani, kisha Yader akawazima Las Jaguas kwenye zamu yao ya mwisho. Mbili kwa moja. Zanate wameingia nne bora, na mechi ya kwanza ni Jumatano, nyumbani.

Danelia alimwangalia mumewe. "Mbona hufurahi?"

"Nyumbani, Danelia. Kwenye ule uwanja."

Jumatatu asubuhi, kwa kuwa tepu ndefu hakuiamini tena, aliazima ya mkewe ya kushonea. Hiyo ni futi tano kamili, kwa hiyo inatakiwa mara kumi na nane. Alipiga magoti kwenye beisi ya nyumbani, akailaza chini, akaweka alama, akajivuta mbele.

Alipofika mara ya sita alisikia minong'ono. Habari za ndoto zilikuwa zimeshafika mjini, na mji ulikuwa unamwona mzee akitambaa kwa magoti kutimiza nadhiri. Doña Tránsito alikuwa wa kwanza kupiga magoti nyuma yake, na mshumaa. Wengine wakafuata.

"Nimekusamehe yale ya Marquesa," Doña Tránsito alimnong'oneza.

"Kumi na moja," Don Heberto alisema.

"Unasali rozari?"

"Kumi na moja, Doña, nakuomba."

Ya kumi na nane ilimpitisha beisi ya kwanza. Maandamano yote yakasimama, yakishangaa. Meneja Ulises, aliyekuwa ameketi jukwaani na kahawa yake, aliteremka polepole. Akaitazama beisi. Akayatazama magoti ya mzee, futi mbili mbele yake.

"Santa Elvira," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Na kilima?"

"Na kilima."

Ulises aliangalia huku na huku. Bayardo hakuwepo. "Vijana wana siku mbili za mazoezi," alisema, kama anayejisemea. Kisha akaing'oa beisi, akavua kofia, akapiga magoti, akashika ncha ya pili ya tepu.